Gari Safi Kupita Kiasi

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo cha polisi, chini ya paa la bati, na lilikuwa safi kiasi cha kutia hofu. Askari wote wa zamu walikuwa wameshapita kulitazama na kutikisa vichwa. Viti vilikuwa vimevuliwa vitambaa vyake. Mazulia ya mpira ya miguuni hayakuwepo. Ukifungua mlango, harufu ya dawa ya hospitali ilikupokea kabla hujaingiza kichwa.

"Hakuna anayeosha teksi namna hii bila sababu," alisema Mkuu wa kituo. "Mtu ameuawa humu, damu imesafishwa, mwili umetupwa. Kilichobaki ni yule shemeji yake atuambie ameutupa wapi."

Inspekta alikuwa bado analitazama gari. Wenzake walimwita Taratibu, mwanzoni kwa kumcheka, baadaye kwa mazoea, naye alikuwa ameacha kukasirika zamani. Alilizunguka gari mikono ikiwa mgongoni, kama mnunuzi mnadani asiyetaka muuzaji ajue ng'ombe gani kampenda.

Mambo yaliyojulikana hayakuwa mengi. Mwenye gari, dereva ambaye madereva wenzake walimwita Kioo kwa jinsi teksi yake ilivyong'aa, alikuwa hajaonekana tangu Jumatatu, na sasa ilikuwa Alhamisi. Gari lilikutwa nyuma ya ghala la mbao lililofungwa, ufunguo ukiwa juu ya tairi. Simu yake ilikutwa kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana fundi simu ambaye wiki iliyopita walirushiana maneno makali mbele ya mtaa mzima. Watu walimsikia kwa masikio yao akimwambia Kioo: "Utakufa na hilo gari lako!" Hilo lilimtosha Mkuu. Fundi simu alikuwa mahabusu tangu jana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mkuu aliongeza, kwa sauti ya mtu aliyefunga hesabu. "Jioni nafungua jalada la mauaji."

Mkuu alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akishapata jibu, swali humkera.

"Ile dawa ya kutafutia damu iling'aa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Mlango wa dereva. Kwa nje, chini ya kishikio."

"Kwa nje tu?"

"Nje, ndani, damu ni damu," alisema Mkuu, akaingia ofisini kwake.

Inspekta alibaki na Koplo, dereva wake wa miaka mingi, ambaye alikuwa akiuliza maswali mengi kuliko mshitakiwa yeyote.

"Koplo, niletee maji."

"Ya kunywa, afande?"

"Ya kumwaga."

Inspekta alikulia kwenye karakana. Baba yake alipaka rangi magari ya watu maisha yake yote, na nyumbani kwao mtoto aliyeweka kikombe juu ya boneti alilala na njaa. Kwa hiyo alipoanza kumimina maji juu ya gari lile, alijua anatafuta nini.

Maji yalipogusa boneti yalijikusanya matone ya mviringo, yakakimbia chini na kuacha rangi kavu. Alimimina kwenye paa, kwenye buti, kwenye milango ya abiria. Kote yalifanya vilevile.

"Unaona? Hiyo ni nta. Gari lililopakwa nta vizuri halikubali kulowa. Ukiliosha kwa sabuni ya vyombo au ya unga, nta inaondoka, na vanishi inabaki uchi. Aliyeosha gari hili alitumia sabuni ya gari, tena kwa kitambaa laini. Hakuna hata mkwaruzo mmoja wa mduara."

"Muuaji msafi," alisema Koplo.

"Subiri."

Aliumiminia maji mlango wa dereva. Juu ya kishikio, matone yalikimbia. Chini yake, kwenye mchirizi wenye upana wa kiganja, maji yalilala bapa na kutandaa, hayakujikunja hata tone moja. Mchirizi ulishuka kwa kupinda, ukafika nusu ya mlango, ukakatika ghafla. Rangi ya bluu pale ilikuwa imepauka kidogo, kidogo mno kwa mtu asiyetazama kwa upande.

Inspekta aliinama akanusa upenyo wa nyuma ya kishikio.

"Klorini. Tena kali, ya kuoshea sakafu. Mtu alichovya kitambaa, akaanza kupangusa hapa, akashuka, akaachia njiani. Halafu gari zima likaoshwa kwa sabuni nzuri kama linakwenda harusini." Alinyooka. "Koplo, kama ungekuwa umeua mtu humu ndani, ungeanza kusafisha wapi?"

"Ndani, afande. Kwenye damu."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa chochote kilicho karibu."

"Na ungejali nta?"

Koplo alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa maana aliona swali linakoelekea.

Inspekta alimpigia mtaalamu wa maabara, mtu mpole aliyependa kuulizwa.

"Ile dawa yako hung'aa kwa damu peke yake?"

"Damu, klorini, hata kutu wakati mwingine. Ndiyo maana niliandika 'huenda ni damu'. Mkuu wako hasomi 'huenda'."

"Kipimo cha pili?"

"Kimetoka sasa hivi. Hakuna damu mlangoni, hakuna kitini, hakuna popote. Kuna mabaki ya matapishi kwenye upenyo wa kiti cha nyuma, madogo sana. Aliyesafisha alijitahidi."

Matapishi. Inspekta aliliweka neno hilo pembeni kichwani, akashuka mahabusu.

Fundi simu alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani. Alisimama haraka mno, kama vijana wanavyosimama mbele ya polisi.

"Mligombana kwa ajili gani?"

"Sabuni, afande."

"Sema vizuri."

"Ndiyo kweli yenyewe. Nilikuwa nimeliazima gari lake, nikasema nimrudishie likiwa safi, kama zawadi. Nikakoroga sabuni ya unga, nikashika brashi ya sakafu, hata kusugua sijaanza." Alifumba macho. "Shemeji alitoka bafuni na taulo, povu kichwani. Alipiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Ni kama nilikuwa namkwangua yeye mwenyewe. Basi nami nikaona aibu, nikamwambia atakufa na hilo gari lake. Ni maneno tu, afande. Yule ndiye aliyenilipia chuo."

"Na simu?"

"Skrini ilipasuka, akaniachia Jumatatu asubuhi. Askari waliikuta mezani kwangu, imefunguliwa, betri pembeni."

"Akitaka kumpigia mkewe kwa simu ya mtu mwingine, atapiga?"

"Hawezi, namba ya dada haijui. Ameihifadhi kwa jina la Malkia, anabonyeza Malkia. Anaijua ya kwake peke yake."

Inspekta aliamini kila neno, na hilo lilimpa furaha ambayo hakutaka ionekane usoni mapema.

Dada wa kijana, mke wa Kioo, alikuwa kwenye benchi la mapokezi, kama jana na juzi. Alikuwa fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Alikuwa ametoka nyumbani bila kukumbuka kuuvua. Kwenye mapaja alikuwa na mfuko wa nguo za mdogo wake.

"Dada," Inspekta alisema, akakaa karibu naye.

"Afande, niambie kweli. Mimi ni mjane au si mjane?" Hakungoja jibu. "Maana kama mume wangu amekufa, basi mnasema mdogo wangu ndiye kamuua. Nikilia, namlilia nani? Niliye naye au niliyempoteza? Hata kulia nimeshindwa."

"Bado sijui. Ila nisaidie. Wiki hii mumeo alikuwa anabeba abiria wa aina gani?"

Mwanamke aliutazama mfuko wake.

"Wagonjwa. Tangu huku kuhara na kutapika kuanze, wenzake wakiona mtu anashika tumbo wanaongeza mwendo. Yeye alisema mgonjwa naye ni abiria. Anawapeleka, anarudi, anaosha gari. Jumatatu asubuhi nikamkasirikia. Nikamwambia una watoto, usituletee maradhi hapa. Nikamwambia, ukiyapata huko usirudi nayo." Sauti ilikatika. "Na hakurudi, afande."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na Inspekta alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akamshika mkono, akamwinua.

"Twende. Utakaa nyuma, mimi mbele, na Koplo hatauliza maswali."

Koplo aliuliza la kwanza kabla ya kutoka getini.

"Tunakwenda wapi, afande? Hospitali kuu tulishauliza. Chumba cha maiti pia."

"Zahanati mliuliza?"

"Zahanati?" Koplo alishangaa kweli. "Lakini afande, maiti haipelekwi zahanati."

"Ndiyo kosa letu. Tulianza na maiti, tukaenda kuuliza zinakowekwa maiti. Sasa sikiliza, na wewe dada usikilize, lakini usishangilie kabla sijamaliza. Gari lile lilitapikiwa. Mtu akataka kuua vijidudu, akachukua klorini kali na kuanza nayo mlangoni. Fundi wa magari hafanyi hivyo, mwenye gari hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu ambaye kazi yake ni kusafisha wodi, na kwake kila kitu ni sakafu. Alipofika nusu ya mlango, akaacha. Kwa nini aliacha?"

"Dawa iliisha," alisema Koplo.

"Ingekuwa imeisha, asingekuwa na haja ya kubadilisha mtindo mzima. Alipewa ndoo nyingine, sabuni nyingine, kitambaa kingine. Mtu alimzuia. Sasa, katika mji huu wote, nani akiona klorini imegusa rangi ya gari hilo atapiga kelele mpaka watu wafungue madirisha?"

Kutoka kiti cha nyuma ilisikika pumzi ya mwanamke ikiingia na kusahau kutoka.

"Kwa hiyo damu haikuoshwa," Inspekta alisema. "Gari lilioshwa mwenyewe akiwa anatazama."

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili kutoka ghala la mbao, jengo la ghorofa moja lililokuwa na ukumbi nyuma. Ukumbi huo ulikuwa umefunguliwa wiki hiyo kwa wagonjwa wa kuhara, na kamba ilikuwa imefungwa kuzuia watu. Koplo ndiye aliyeona kwanza. Juu ya ukuta wa uani, yamenyooshwa na kukauka, yalikuwa mazulia manne ya mpira ya gari.

"Simama hapo hapo, mwanangu!" ilikuja sauti. "Mikono kwanza!"

Mwanamke mnene mwenye mabuti ya mpira na glavu mpaka viwikoni alikuja na ndoo yenye bomba. Hakujali sare wala cheo. Aliwanawisha wote watatu, akawakanyagisha kwenye beseni la dawa, na ndipo akauliza wanataka nini. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alimwita Mama Klorini, na mwenyewe hakuonekana kuona ubaya kuitwa hivyo.

"Mama," Inspekta alisema, "kuna gari la bluu lilioshwa hapa."

Uso wa Mama Klorini ulibadilika.

"Limeharibika? Jamani, nilipitisha mara moja tu! Nimemwomba msamaha, akasema yamekwisha. Kumbe ameniletea polisi?"

Nyuma ya Inspekta, mke wa dereva alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Koplo alimshika bega.

"Nani amesema yamekwisha, mama?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua. Alitaka mwanamke aliyekaa chini asikie.

"Mwenye gari! Alimleta bibi mmoja Jumatatu, bibi katapika gari zima. Kumshusha tu bibi, na yeye mwenyewe akaanza kutapika, miguu ikamwishia nguvu. Tukamlaza. Mimi kesho yake asubuhi nikasema gari lile haliwezi kukaa pale na vijidudu, watoto wanapita. Mimi hapa kila kitu ni klorini, mwanangu. Kitanda klorini, ndoo klorini. Nikachovya kitambaa, nikaanza na mlango. Nikasikia yowe dirishani! Mgonjwa ambaye hata kugeuka tulikuwa tunamgeuza. Amesimama, ameshika nondo na dripu mkononi: 'Acha, mama! Maji! Mwagia maji mengi!'"

"Ukamwagia."

"Nilimwagia kama nyumba inaungua. Kisha tukabishana. Nikamwambia rangi yako haina maana kama kijidudu kimebaki. Naye akaniambia kijidudu kinakufa bila kuua rangi, nisikilize. Basi nikasikiliza. Uchafu kwanza, dawa baadaye. Hilo hata mimi nalijua, dawa haifiki chini ya uchafu. Vitambaa vya viti tukavichemsha. Ndoo mbili, moja ya sabuni yake aliyoiweka kwenye buti, nyingine ya kusuuzia kitambaa, usirudishe mchanga kwenye rangi. Unaanza juu, unashuka. Halafu vishikio, usukani, mikanda, gia, kila panaposhikwa: spiriti kwenye kitambaa, usinyunyize, iache ilowe kidogo, kisha ifute kwa maji. Klorini nikaambiwa nibaki nayo kwenye mazulia tu, huko ukutani, mbali na gari na mbali na spiriti. Na kila nikikosea anagonga dirisha." Alivuta pumzi. "Alikuwa anakufa kwa kweli, nawaambia. Lile gari limemshikilia hapa duniani. Akasema lisikaushwe juani. Mlinzi akalipeleka kivulini kule kwenye ghala, akaweka ufunguo juu ya tairi."

"Na kwa nini hamkuwaambia nyumbani kwake?"

Muuguzi ndiye aliyejibu, na kwa ukali kidogo.

"Tulimtuma mlinzi Jumanne na jana. Nyumba imefungwa, majirani wanasema mama hashindi nyumbani. Namba aliyotupa tumepiga mpaka tumechoka. Haipatikani."

Mke wa dereva alikuwa hashindi nyumbani kwa sababu alishinda kwenye benchi la polisi. Na ile namba, Inspekta alijua iliko: kabatini mwa Mkuu, kwenye bahasha yenye lakiri, betri pembeni. Aliona aibu kwa niaba ya kituo kizima, akaikubali, kwani ilikuwa haki yao. Alitoa simu yake na kumpigia Mkuu pale pale.

"Kijana wa simu aachiwe sasa hivi."

"Mmepata mwili?" Mkuu aliuliza.

"Tumeupata. Unapumua, na unawafundisha watu kuosha magari."

Mkuu alikuwa na ubaya wake, lakini hakuwa mtu wa kung'ang'ania. "Alhamdulillahi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo Inspekta hakuwahi kuisikia kwake. "Koplo aje amchukue kwa gari langu. Nitamwomba radhi mwenyewe."

Muuguzi aliwaonyesha dirisha la tatu. Kuingia hairuhusiwi, alisema, mpaka kesho kutwa huenda. Lakini maji yameanza kukaa mwilini, na asubuhi ameomba chakula. Mke wa dereva alikuwa ameshafika dirishani kabla sentensi haijaisha.

Kioo alikuwa amekaa kitandani. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na macho yamekuwa makubwa, lakini yalikuwa macho ya mtu anayetazama. Alipomwona mkewe alijaribu kusimama, dripu ikamkumbusha, akakaa tena.

"Usinikaribie," alisema. "Sijapona. Ulisema nisirudi nayo."

"Nilisema usirudi na maradhi!" mkewe alipiga nondo kwa kofi. "Nilisema usirudi? Mimi? Mtu mzima hajui tofauti? Watoto wamelala kwa jirani, mdogo wangu yuko mahabusu kwa ajili yako, mimi nimeshaanza kuulizia kitambaa cheusi, na wewe uko hapa unagonga dirisha kwa ajili ya nta!"

"Mahabusu?" Kioo alisema. "Kafanya nini?"

"Kakuua!"

Alicheka. Kicheko kilikuwa dhaifu na kilimuumiza tumbo, lakini kilikuwa kicheko, na mkewe alilia na kucheka pamoja naye akiwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili. Inspekta aligeuka, akasoma kwa makini sana bango la namna ya kunawa mikono, ambalo alikuwa ameshalisoma alipoingia. Alikuwa na furaha tele. Kazi yake humpeleka kwenye nyumba za watu akiwa na habari mbaya mfukoni, na siku moja kama ile ingemtosha mwaka mzima.

Koplo alikuja kuaga. Anakwenda kumchukua fundi simu. Mke wa dereva alimsikia, akageuza kichwa bila kuachia nondo. Muuguzi alikuwa anamweleza kwa upole kwamba muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, kwamba arudi nyumbani apumzike.

"Kaka," alimwambia Koplo, "ukimtoa mdogo wangu, mwambie apitie nyumbani aniletee cherehani yangu. Na kile kiti kifupi. Mimi nashonea hapa hapa chini ya dirisha mpaka atoke huyu."